Kwa nini abiria hapewi parachuti? Jibu limo katika mavazi ya wanahewa wa vita

Ndege ikianguka popote duniani, haipiti saa moja kabla mtu hajauliza mtandaoni: "Mbona abiria hawapewi parachuti, wakati marubani wa vita walikuwa nazo tangu zamani?" Wa kwanza kumjibu husema kampuni zinabana matumizi. Mwingine anadakia kwamba hata katika Vita ya Kwanza ya Dunia makamanda waliwanyima marubani parachuti makusudi, wasije wakawa waoga. Wa tatu anaweka picha ya jaketi la kijani alilookota kwenye mitumba ya Karume au Gikomba, lina bitana ya rangi ya chungwa, anaapa kuwa hilo ndilo walilovaa waliokwenda kuipiga Ujerumani.

Kila mmoja ana chembe ya ukweli mkononi na ameishika upande usio wake. Parachuti peke yake haijawahi kumwokoa mtu yeyote. Aliyeokoka alikuwa na hewa ya kupumua, vidole visivyoganda, mlango unaopitika na sekunde za kuufikia. Vitu hivyo havikupatikana pamoja kirahisi, maana kila kifaa kipya alichovishwa mwanahewa kilitatua shida moja kikazaa nyingine.

Kwanza tuelewane maneno. Rubani ni yule anayeendesha ndege, lakini ndege kubwa ya mabomu ya Vita ya Pili ilibeba watu wengi: Lancaster ya Uingereza watu 7, B-17 ya Marekani 10. Humo kulikuwa na rubani, mwongoza njia, mtu wa redio, mlenga mabomu na wapiga bunduki. Wote hao nitawaita wanahewa. Parachuti ni ule mwavuli wenyewe (ndiyo maana tunasema askari wa miavuli) pamoja na pakiti unamokunjwa na mikanda inayopita mabegani, kifuani na mapajani. Barakoa ni ya oksijeni, inafunika pua na mdomo. Regyuleta ni ndugu wa ile iliyo juu ya mtungi wako wa gesi jikoni: inapunguza nguvu ya gesi inayotoka ili iweze kutumika.

Juu kuna oksijeni, ila haisukumwi

Wengi huamini kwamba ukipanda juu sana oksijeni inakwisha. Sivyo. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, kama ufukweni Mombasa, oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni mgandamizo. Fikiria ghala lenye magunia ya pamba yaliyopangwa moja juu ya jingine hadi darini. Gunia la chini limebanwa na yote yaliyo juu yake, la juu kabisa limelegea. Hewa nayo ina uzito na imejipanga hivyo hivyo. Sisi wa chini tunavuta hewa iliyobanwa. Aliye juu anavuta pumzi ile ile, lakini ndani yake chembe za hewa ni chache, na msukumo wa kuipeleka oksijeni kwenye damu ni mdogo.

Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kina karibu nusu ya mgandamizo wa pwani. Wapandaji hutumia siku tano, sita au zaidi kuufikia ili mwili uzoee, na bado wengine hurudishwa wakiwa wanatapika. B-17 ilikuwa ikifanya kazi kwenye mita 7,600 hivi, ambako mgandamizo ni kama asilimia 37 ya ule wa chini, na ilifika huko asubuhi ile ile iliyoondoka. Mwili haukupewa hata siku moja ya kuzoea.

Mtu akikosa oksijeni ya ziada kwenye kimo hicho, ana dakika tatu hadi tano za kuwa na akili ya kufanya jambo la maana. Kwenye mita 9,000 ni dakika moja au mbili. Wala hasikii kubanwa pumzi kama anayezama majini. Anajisikia vizuri tu. Wengine hucheka, wengine husinzia, kucha zinageuka bluu na mwenyewe haoni tatizo. Kwa sababu hiyo ndani ya ndege palikuwa na desturi ya kuitana kwa simu ya ndani kila baada ya dakika chache, mmoja mmoja, kuanzia puani hadi mkiani. Asiyeitika alifuatwa haraka, na aliyemfuata alibeba mtungi mdogo wa mkononi wa dakika chache, maana alipochomoa mpira wake ukutani saa ilianza kumhesabia na yeye.

Mifumo ya kutoa oksijeni ilikuwa ya namna mbili. Wa kwanza ni wa mtiririko: gesi inatoka muda wote, uvute usivute, kama bomba lililoachwa wazi. Ili isipotee yote, barakoa iliwekewa mfuko mdogo wa mpira chini ya kidevu ambamo gesi ilijikusanya kati ya pumzi na pumzi. Barakoa ya Kimarekani ya A-8B ilikuwa ya jinsi hii. Ubaya wake ni kwamba mvuke wa pumzi uliingia mfukoni, na kwenye baridi ya juu ukaganda kuwa barafu.

Wa pili ni wa kuvuta, kama soda kwenye mrija: usiponyonya, haiji. Regyuleta inafunguka unapovuta pumzi na kufunga unapotoa. Tena ilichanganya yenyewe: kwenye kimo cha chini ilitia hewa ya kawaida nyingi, na kadiri ndege ilivyopanda ikazidisha oksijeni, hadi karibu na mita 9,000 ikatoa oksijeni tupu. Mfumo huu ulibana matumizi sana, lakini ulidai barakoa ikae sawasawa usoni. Ndevu za siku mbili, au mkanda uliolegea kidogo, na hewa nyepesi ya nje iliingia pembeni bila mtu kujua. Barafu nayo haikuondoka, ilihamia tu kwenye njia ya kutolea pumzi. Wanahewa walifundishwa kuiminya barakoa kwa vidole kila mara, kama mtu anayekamua chungwa, kuvunja vipande vya barafu kabla havijaziba.

Amri ya kawaida ilikuwa kuvaa barakoa ukipita mita 3,000. Ikumbuke namba hiyo.

Baridi, mafuta ya nyonyo na jaketi la mitumba

Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kama chini ni nyuzi 15, kwenye mita 7,600 utakuta kama 34 chini ya sifuri, na juu ya Ulaya wakati wa kipupwe hata chini zaidi. Ndege za Vita ya Pili, ukiacha chache kama B-29, hazikuwa zimezibwa wala kujazwa hewa ndani. Wapiga bunduki wa ubavuni katika B-17 za mwanzo walisimama kwenye madirisha yaliyo wazi. Katika miezi ya mwanzo ya mashambulizi ya Jeshi la 8 la Anga la Marekani kutoka Uingereza, baridi iliwatoa kazini watu wengi kuliko waliojeruhiwa na adui.

Vita ya Kwanza ilikuwa na mateso ya jinsi yake. Ndege zilikuwa wazi, rubani kichwa nje. Injini nyingi za wakati huo zilizunguka zenyewe pamoja na propela, zikilainishwa kwa mafuta ya nyonyo, haya haya ambayo leo dada zetu hupaka nywele. Yalichaguliwa kwa sababu hayachanganyiki kwa urahisi na petroli. Lakini injini hizo hazikuyarudisha mafuta kwenye tangi. Ziliyatema nje, na yaliyotemwa yalimrukia rubani usoni. Ndipo miwani mikubwa ikawa ya lazima. Skafu ya hariri ambayo watu huidhania kuwa ni urembo ilikuwa na kazi mbili: kufuta mafuta, na kuzuia kola isichune shingo ya mtu anayegeuza kichwa kutwa nzima kumtafuta adui nyuma yake.

Mwaustralia Sidney Cotton, rubani wa kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza, aligundua siku moja kwamba wenzake wametetemeka kwa baridi na yeye hakutetemeka. Alikuwa amevaa ovaroli chafu ya gereji, na ule uchafu wa mafuta na grisi uliziba matundu ya kitambaa hivi kwamba upepo haukupita. Kutokana na ovaroli hiyo akabuni mwaka 1917 suti ya tabaka tatu: manyoya mepesi ndani, hariri katikati, kitambaa kisichopitisha upepo nje. Iliitwa Sidcot, na kanuni yake ndiyo ya kila vazi la baridi hadi leo. Joto halitoki kwenye nguo, linatoka mwilini. Kazi ya nguo ni kuishika hewa iliyopashwa na mwili isiondoke.

Sasa tumfikie mwenye jaketi. Lile la kijani la nailoni lenye bitana ya chungwa ni la jamii ya MA-1, nalo lilikuja miaka ya 1950, vita imekwisha. Lilitengenezwa kwa ajili ya marubani wa jeti, ambao chumba chao ni chembamba na kina joto, na ambao jaketi la ngozi likilowa mvua uwanjani lingewagandia juu. Hata ile kola ya kusuka badala ya manyoya iliwekwa ili mikanda ya parachuti isinase. Lile la ngozi la kahawia tunaloliona kwenye filamu, A-2, ndilo la zama za vita kweli, lilipitishwa mwaka 1931. Lakini ni jaketi jepesi. Mpiga bunduki aliyekwenda na A-2 peke yake kwenye mita 7,600 asingerudi na vidole vyake. Lililovaliwa kazini hasa lilikuwa la ngozi ya kondoo yenye sufu ndani, zito kama gunia la mkaa, na chini yake suti ya umeme.

Suti ya umeme ni nguo iliyoshonewa nyaya zinazopata moto, ikachomekwa kwenye umeme wa ndege. Za mwanzo ziliungwa nyaya kwa mfululizo, kama zile taa za mapambo ya Krismasi za zamani: balbu moja ikiungua, mstari mzima unazima. Waya ulikatika wapi? Mara nyingi pale panapokunjwa, yaani kiwiko, goti, kifundo cha mkono. Ukikatika kwenye glavu, mguu nao unapoa. Za baadaye ziliungwa sambamba, kila sehemu na njia yake ya umeme, na kosa la glavu likabaki kwenye glavu.

Kwenye mikono walivaa glavu tatu, hata nne, moja juu ya nyingine, na ya ndani kabisa ilikuwa ya hariri nyembamba. Hii ndiyo muhimu kuliko zote. Bunduki ikikwama, mtu hawezi kuikwamua akiwa na glavu za ngozi. Atazivua. Na chuma kilicho kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri kikiguswa kwa ngozi tupu kinagandana nayo, ukivuta mkono ngozi inabaki. Hariri ilimpa sekunde za kushika chuma na kuachia.

Kulikuwa na kosa jingine dogo la kushangaza: kuvaa mapema. Aliyevaa kila kitu chini, akapanda gari, akangoja ruhusa ya kuruka huku akitoka jasho, alikuwa amejimwagia maji ndani ya nguo. Juu huko jasho lile liliganda. Waliojua walivaa nguo za ndani kavu na kumalizia mavazi mazito dakika za mwisho kabisa.

Parachuti: nani aliwanyima marubani?

Ukweli ni kwamba majeshi mengi hayakuwapa marubani wa Vita ya Kwanza parachuti, na vijana wengi waliungua wakiwa hai kwenye ndege za mbao na vitambaa. Lakini ile kauli maarufu ya kikao cha Waingereza kwamba parachuti ingewatia marubani uoga, watafiti hawajaiona kwenye hati yoyote ya wakati huo. Dharau ya wakubwa ilikuwepo, sikatai. Ila kulikuwa na sababu za kiufundi ambazo wengi huziruka.

Walioangalia vita kutoka kwenye maputo walikuwa na parachuti, na ziliwaokoa wengi. Puto limefungwa kwa kamba, limetulia. Parachuti ilining'inia kwenye kasha nje ya kikapu, mtu akaruka, uzito wake ukaichomoa. Hakuna alichovuta. Sasa chukua kasha hilo hilo ulifunge kwenye ndege ndogo ambayo injini yake inahesabu kila kilo. Kisha ndege ianze kuzunguka ikianguka, na huyo anayeruka ameunganishwa nayo kwa kamba inayotakiwa kufungua mwavuli. Mkia unapita pale pale anapoangukia. Wajerumani walithubutu mwaka 1918 kwa parachuti ya Heinecke, iliyofunguliwa kwa kamba iliyofungwa ndani ya ndege. Iliwaokoa baadhi, rubani wao Ernst Udet akiwemo, mwezi Juni mwaka huo. Hata yeye mikanda yake ilinasa kwanza kwenye usukani wa mkia, akahangaika kujinasua, mwavuli ukafunguka ardhi ikiwa imeshamkaribia. Wengine walikufa kwa kunasa vivyo hivyo, au mikanda ikakatika.

Pwani yetu ina ukurasa wake hapa. Mwaka 1915 Waingereza waliisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Ndege za majini za Sopwith walizozileta mwanzoni mwa mwaka huo ziliwashinda. Joto na unyevu vililegeza gundi ya propela za mbao, na hewa ya moto, ambayo ni nyepesi kama ile ya kimo cha juu, iliwanyima injini nguvu na mabawa egemeo. Mwishowe kazi ilifanywa na ndege za Farman na Caudron zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai, rubani John Cull na mwangalizi wake Harwood Arnold walikuwa juu wakizielekeza shabaha meli za Severn na Mersey ndege yao ilipopigwa. Parachuti hawakuwa nayo. Walishuka bila injini, Arnold akiendelea kutuma masahihisho kwa redio njia nzima, wakaangukia majini karibu na Mersey, ndege ikapinduka. Wote wawili waliopolewa hai, na Königsberg ikaishia siku hiyo.

Kikwazo cha kamba kiliondolewa baada ya vita. Kulikuwa na imani kwamba mtu akianguka hewani atazimia, au mikono haitamtii. Tarehe 28 Aprili 1919, huko McCook Field, Ohio, Mmarekani Leslie Irvin aliruka, akasubiri awe mbali na ndege, ndipo akavuta kishikio mwenyewe. Parachuti ilifunguka vizuri. Alivunjika kifundo cha mguu wakati wa kutua, lakini hoja ilikuwa imethibitika: mtu anaweza kuanguka huru na akabaki na akili zake.

Kishikio ni pete ya chuma iliyounganishwa na waya wenye pini. Pini zikitoka, mipira iliyovutwa inazifungua kingo za pakiti, kimwavuli kidogo chenye springi kinaruka nje, kinashika upepo na kuuvuta mwavuli mkubwa, kisha kamba zake. Mwavuli wa kawaida wa rubani ulikuwa na kipenyo cha mita 7.3, wa hariri, na baadaye wa nailoni Wajapani walipoifunga njia ya hariri. Ulimshusha mtu kwa mita 6 hadi 7 kwa sekunde, sawa na kuruka kutoka juu ya ukuta wa mita mbili. Si laini kama filamu zinavyoonyesha. Na pete yenyewe lazima uijue kwa mkono bila kuangalia: rubani wa Marekani Harold Harris, aliyejiokoa kwa parachuti ya namna hii Oktoba 1922, alivuta kwanza kifungo cha mkanda wa paja akidhani ndicho kishikio.

Aliyeikunja hakuonekana, lakini maisha yalikuwa mikononi mwake. Katika jeshi la anga la Uingereza kazi hiyo ilifanywa sana na wanawake. Parachuti iliyokaa na unyevu hugandana mikunjo, hivyo ilitundikwa kwanza kwenye chumba kirefu ikauke, kisha ikanyooshwa kwenye meza ndefu, kila paneli ikakunjwa, kila kamba ikafuatwa kwa vidole kuona kama imepishana na mwenzake.

Mlango wa sentimita 56

Rubani wa ndege ndogo kama Spitfire aliikalia parachuti yake. Kiti kilikuwa na shimo kama ndoo, pakiti ikajaa humo kama mto, naye akiinuka inainuka naye. Wa ndege za mabomu hawakuweza kutembea na mzigo huo. Walivaa mikanda tu, na pakiti ikawekwa rafu ya karibu. Hatari ikitokea unaichukua, unaibana kifuani kwenye ndoano mbili, unatoka.

Mtazame mpiga bunduki wa mkia wa Lancaster. Kibanda chake ni cha kioo na chuma, kidogo hivi kwamba pakiti haiingii, inakaa nyuma yake ndani ya mwili wa ndege. Amri ya kuruka ikija, anakigeuza kwanza kibanda kitazame nyuma sawasawa, kwa maana kikiwa pembeni milango yake haielekei ndani ya ndege. Mabomba ya kukizungusha yakiwa yamekatwa, anakizungusha kwa mkono. Anafungua milango mgongoni, ananyoosha mkono nyuma, anaipata pakiti gizani, anaibana kifuani kwa vidole vyenye glavu. Anachomoa simu, anachomoa umeme wa suti, anachomoa oksijeni, na hapo saa inaanza kumhesabia. Kisha anakigeuza kibanda pembeni na kujitupa kinyumenyume. Haya yote ndege ikiwa labda inaungua, labda inazunguka, na mzunguko ukimkandamiza ukutani kama nguo kwenye mashine ya kufulia.

Nicholas Alkemade, mpiga bunduki wa mkia, alifungua milango hiyo usiku wa tarehe 24 Machi 1944 akirudi kutoka Berlin, akaikuta parachuti yake inaungua. Aliruka bila chochote, kutoka mita 5,500 hivi, akaangukia matawi ya misonobari na theluji, akapona. Ni kisa cha kweli. Wajerumani hawakumwamini mpaka walipoyaona masalia ya parachuti yake kwenye mabaki ya ndege. Lakini hakifundishi lolote kuhusu usalama. Kwa kila Alkemade mmoja wapo maelfu ambao hawakupata msonobari. Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573.

Wenzake wa mbele walitegemea tundu la sakafuni puani mwa ndege, lenye upana wa inchi 22, yaani sentimita 56. Pima mlango wa kabati lako, kisha ujifikirie umevaa sufu ya kondoo, jaketi okozi, mikanda, na pakiti imetokeza kifuani. Ndege ya Halifax ilikuwa na tundu pana zaidi kwa inchi mbili tu, na waliopigwa wakiwa ndani ya Halifax walinusurika kwa kiwango kikubwa kuliko wa Lancaster. Parachuti zilikuwa zile zile.

Na akishatoka, avute mara moja? Hapana. Juu kabisa mwavuli hufunguka kwa kishindo kikali zaidi, tena utamning'iniza kwenye baridi na hewa nyepesi kwa dakika kumi au zaidi. Akijiachia aanguke, anateremka kilomita tano kwa dakika moja na nusu hivi, anaikuta hewa nzito, ndipo anavuta. Kujizuia usivute wakati ardhi inakujia, hilo halikuwa jambo dogo.

Majini, usijaze jaketi ukiwa ndani

Walioangukia baharini walitegemea jaketi okozi. La Waingereza la 1932 lilijazwa kwa kupuliza kwa mdomo, na aliyewahi kupuliza puto akiwa anatetemeka anajua maana yake. Baadaye likawekewa kichupa cha gesi. Katika mapigano ya 1940 marubani wa Spitfire na Hurricane hawakuwa na mashua za mpira za kujaza, wakati Wajerumani walikuwa nazo, pamoja na rangi ya kuchafua maji ili waonekane kutoka juu. Waingereza waliiga baadaye. Ndege nyingine za mabomu zilibeba hata njiwa: Februari 1942 njiwa aliyeitwa Winkie aliruka kutoka kwenye mabaki ya ndege ya Beaufort baharini hadi kwao Scotland, na wanahewa wake wakatafutwa na kupatikana.

Sharti kuu lilikuwa moja: usilijaze jaketi ukiwa ndani ya ndege. Mwenye jaketi lililojaa hapiti kwenye tundu, na maji yakiingia linamwinua na kumbana darini. Sharti hilo lilirudi kwa uchungu tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ikielekea Nairobi ilipoishiwa mafuta na kuangukia baharini karibu na Ngazidja, Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125, na miongoni mwao wapo waliookoka na mshindo wenyewe lakini walikuwa wameshajaza majaketi yao mapema.

Turudi kwa abiria

Ndege ya abiria hupaa kwenye mita 10,000 au 11,000 kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa. Ndani imejazwa hewa, na tofauti ya mgandamizo inaukandamiza mlango kwa uzito wa tani kadhaa. Hakuna mkono wa mtu utakaoufungua. Tuseme umefunguka. Nje ni nyuzi 50 chini ya sifuri, fahamu inadumu chini ya dakika moja, na ndani kuna watu 180, watoto na wazee, ambao hawajawahi kuvaa mikanda ile. Watu saba wa Lancaster, vijana waliofunzwa, mara nyingi hawakutoka wote. Tena ajali nyingi hutokea wakati wa kupaa na kutua, ambapo hakuna kimo cha mwavuli kufunguka. Zipo ndege ndogo zenye parachuti ya kuibeba ndege yote na waliomo, na huko inafaa kwa sababu ndege ni nyepesi na mtu hatoki.

Abiria alichorithi kwa wanahewa wa vita kiko juu ya kichwa chake. Kile kikombe cha manjano kinachodondoka, chenye kimfuko cha plastiki, ni mfumo ule wa mtiririko, ndugu wa A-8B. Ndiyo maana mhudumu husema mfuko huenda usijae lakini oksijeni inatoka. Husema pia vaa yako kwanza kabla ya kumvisha mtoto, kwa sababu ukianza na mtoto anayehangaika, unaweza kusahau unachofanya kabla hujamaliza. Mbele, rubani ana barakoa ya kuvuta, anayotakiwa kuweza kuivaa kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5. Oksijeni ya abiria hudumu takriban dakika 12 hivi. Rubani anazitumia kuishusha ndege hadi mita 3,000.